SOMO: Mtumba au nguo mpya ya dukani? Jinsi ya kuchagua kabla hujatoa hela

Wakuu habari za leo. Swali ni lile lile kila siku, inboksi na mtaani, "hivi mtumba na mpya bora kipi", namjibu mmoja leo kesho anakuja mwingine na swali hilo hilo, kwa hiyo naandika mara moja, atakayeniuliza tena namtumia hii. Nipo Dar, mifano mingi itakuwa ya Karume, Tandika na Kariakoo, ila ukiwa Memorial Moshi au Mlango Mmoja Mwanza mambo hayabadiliki sana.

Msimamo wangu niuseme mapema. Watu wanadhani mtumba unapendwa kwa sababu ya bei tu, sio kweli, siku hizi kuna gauni la mtumba linauzwa ghali kuliko jipya la Mtaa wa Kongo, Kariakoo, na mdada analipa bila kinyongo. Anachonunua ni uhakika. Nguo iliyofuliwa na mtu mwingine mara kibao na bado imesimama imeshaonyesha tabia yake yote, kama ni ya kuchuja imeshachuja, kama ni ya kusinyaa imeshasinyaa, mshono wa kufumuka umeshafumuka. Nguo mpya ya bei chee inakuja imenyooka na inang'aa kwa dawa ya kiwandani, maji ya kwanza yanaondoka na ile dawa ndo unakutana na kitambaa chenyewe. Ila faida hiyo anaipata anayejua kukagua. Kama hujui na hutaki kujifunza nenda dukani, utapata hasara ndogo zaidi.

HATUA YA 1: Jua unachoenda kutafuta. Jinzi, au shati la ofisini, au sweta la mtoto, basi.

HATUA YA 2: Muulize muuzaji anafungua mzigo siku gani. Huyu jamaa kanunua belo la kilo 45 bila kuona ndani kuna nini, kaambiwa tu ni mashati au ni magauni, kwa hiyo siku ya kufungua bei iko juu, anataka mtaji wake urudi kwenye zile nguo kali za mwanzo. Zikishaondoka hizo bei inashuka, na mwisho zinamwagwa kwenye rundo la buku buku. Ukitaka kali nenda asubuhi siku ya kufungua, ukitaka za bei nafuu subiri rundo. Mtu anayetaka kali kwa bei ya rundo anagombana na wauzaji bure.

HATUA YA 3: Tenga vya kununua vipya. Nguo za ndani na soksi, mpya, hata TBS, shirika la viwango, walishapiga marufuku kuingiza nguo za ndani za mtumba. Sare za shule mpya. Khanga na vitenge mpya, hizo ni zetu na ubora wake unauona dukani. Mtumba chukua jinzi, makoti, masweta, mashati ya pamba, na nguo za watoto wadogo, maana nguo inambana mtoto kabla hajaichakaza, nyingi zinakuja nzima kabisa.

HATUA YA 4: KUKAGUA. Hapa someni taratibu, pesa za watu wengi zimepotelea hapa, na zangu zimo.

Kwanza toka na nguo juani. Vibanda vingi vina turubai la bluu au la chungwa juu na mwanga unaopita hapo unabadilisha rangi, doa la manjano kwenye shati jeupe hulioni, suruali nyeusi iliyopauka inaonekana nyeusi tii. Muuzaji akikukataza kutoka nayo hatua mbili nje, irudishe. Ukiwa juani angalia kola kwa ndani, makwapa, halafu ishike suruali sehemu ya makalio na mapaja uinyanyue ielekee jua, ukiona mwanga unapita kama kwenye chandarua, hicho kitambaa kimekwisha, kitachanika siku umeinama. Zipu ivute juu chini zaidi ya mara moja. Vuta lastiki, ikitoa mlio wa kukatika katika au isiporudi imekufa, na kubadilisha lastiki ya sketi yenye marinda fundi anakutoza.

Sasa sikilizeni kuhusu NGOZI YA PLASTIKI na SOLI ZA POVU. Koti la ngozi feki unalikuta zuri, halina mkwaruzo, unasema hili halijavaliwa. Kweli halijavaliwa, ila limekaa kabatini kwa mtu miaka, likaja kubanwa kwenye belo, likasafiri kwenye kontena lenye joto, na ile plastiki ya juu inaoza kwa umri na unyevu, kuvaliwa au kutovaliwa hakuisaidii kitu. Mdogo wangu nilimchukulia moja la kuvaa mahafali, pale kibandani lilikuwa safi hata sikulikunja, siku yenyewe hadi anapewa cheti mabega yalikuwa yanabanduka vipande vyeusi na shati jeupe la ndani limejaa ungaunga. Kwa hiyo:
- Kunja kola na kiwiko kwa nguvu ukitazama kwenye mkunjo. Ukiona vimistari vidogo vidogo kama tope lililokauka, acha.
- Kwangua kwa ukucha sehemu ya ndani ya kola. Ikibanduka kidogo tu, acha.
- Ikinata mkononi, acha hata kama bado inang'aa.
- Koti la mvua geuza ndani nje, ukikuta weupe unaobanduka kwenye mishono maji yatapita.
- Raba na viatu vyenye soli ya povu bonyeza kwa dole gumba. Soli nzima inarudi, iliyooza inabaki imebonyea au inamong'onyoka.
Hakuna gundi wala fundi wa kuokoa kitu kilichofika hapo. Usikubali maneno ya "ukipaka mafuta inakaa sawa".

HATUA YA 5: Usiamini namba ya lebo. 12 ya Uingereza ni 8 ya Marekani, na nguo iliyofuliwa miaka haina tena saizi iliyoandikwa. Nyumbani chukua suruali yako inayokukaa vizuri, pima kiuno ikiwa imelala chini, pima na urefu wa ndani ya mguu, andika kwenye simu, beba futi ya fundi. Ile ya kuzungusha kiuno cha suruali shingoni inasaidia ukiwa huna futi, ila inadanganya kwa wenye shingo nene na wenye tumbo.

HATUA YA 6: Piga hesabu nzima kabla ya kubishana bei. Bei ya nguo, jumlisha fundi wa kupunguza, jumlisha zipu kama imekufa, jumlisha nauli, halafu linganisha na mpya ya aina hiyo hiyo. Ikikaribiana chukua mpya kama kitambaa chake kinaeleweka.

HATUA YA 7: Loweka peke yake kwa maji ya moto na sabuni kama kitambaa kinaruhusu, anika juani, piga pasi pande zote mbili. Ndo uvae.

Maswali karibuni, ila someni kwanza.

———

kobe_wa_tandika: Mkuu belo la mashati gredi A sh ngapi saivi?

Mwandishi: Somo linahusu kununua nguo ya kuvaa. Bei za mabelo waulize wanaouza mabelo.

kobe_wa_tandika: Nimeuliza tu jamani mbona ukali

Mwandishi: Sina ukali ndugu yangu, nikikutajia bei leo ukaenda ukaikuta tofauti utarudi kunilaumu. Ila chukua hili, neno gredi A halina mwenyewe, kila anayepanga mzigo ana A yake. Muulize muuzaji mzigo umetoka nchi gani na nani kaupanga, hayo yanakuambia zaidi ya herufi.

mama_wawili: Dada au kaka sijui, naomba kuuliza, kama lebo imekatwa nitajuaje kitambaa ni pamba kweli? Nina mtoto ana ngozi inayowasha, nailoni zinamtesa.

Mwandishi: Swali zuri sana mama, na mimi ni kaka. Geuza nguo ndani, tafuta uzi kwenye pindo la chini ambapo ukichomoa hauharibu, ukishanunua nyumbani uchome kwa kiberiti ukiwa umeushika kwa kibano juu ya sahani. Pamba inawaka haraka, inanuka kama karatasi inayoungua, inaacha jivu laini linalopotea ukilisugua. Poliesta inajikunja, inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Ikifanya vyote viwili ni mchanganyiko. Sufu inanuka nywele zilizoungua. Pale sokoni huwezi kuwasha moto, ila bana kitambaa kwenye ngumi uhesabu mpaka kumi uachie, pamba inabaki na mikunjo, poliesta inanyooka yenyewe. Na kwa ngozi ya huyo mtoto nguo ya pamba iliyofuliwa sana ni laini kuliko mpya, mpya mfulie kwanza kabla hajaivaa.

mama_wawili: Ubarikiwe kaka. Leo leo najaribu hilo la ngumi.

Mr_Smart255: Chupi za mtumba vip zile zenye lebo bado?

Mwandishi: Hatua ya 3.

babu_mkweli: Mnashabikia nguo za marehemu. Sisi tulikuwa tunaziita kafa ulaya na tulijua kwa nini.

Mwandishi: Mzee wangu shikamoo. Jina nalijua, ila mzigo haupatikani hivyo. Watu huko wanajaza makabati, wanatoa nguo kwa mashirika ya hisani, kinachobaki bila kuuzwa kwenye maduka yao kinauzwa kwa kilo kwa makampuni yanayochambua na kufunga mabelo. Na sio Ulaya na Marekani tu, siku hizi China nayo inaleta mzigo mwingi. Aliyenenepa, aliyepungua, aliyechoka rangi, hao ndo wenye hizi nguo.

babu_mkweli: Marahaba. Bado mimi nashona kwa fundi wangu.

Mwandishi: Na fundi wako ale, mzee, hapo sina ubishi.

neema_uchumi: Kaka nimependa somo, naomba niulize upande mwingine. Tunaponunua mtumba si ndo tunaua viwanda vyetu? Nasikia kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa kinavalisha nchi.

Mwandishi: Hili sitalipita haraka dada. Urafiki ilifunguliwa 1968 kwa msaada wa China na wazazi wetu wamevaa vitenge vyake. Ila viwanda vilianza kuyumba mapema, mashine zinachakaa, vipuri vinahitaji fedha za kigeni ambazo hazipo, umeme wa kukatika. Biashara ilipofunguliwa miaka ya themanini katikati, enzi za Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, mtumba ukakuta kiwanda tayari kinaumwa. Ulichangia, sikatai, ila haukuanzisha ugonjwa.
Halafu 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuuondoa mtumba ndani ya miaka mitatu. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, tukatishiwa kutolewa kwenye AGOA, ule mpango wa kuuza bidhaa zetu Marekani bila ushuru, wengine tukarudi nyuma. Rwanda wakakomaa, walikuwa wamepandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola mbili na nusu, na 2018 Marekani ikawasimamishia nafuu ya AGOA kwenye nguo. Sasa jiulize, mtumba ukizuiwa kesho, mteja wa Karume atakwenda kununua nguo ya Tanzania au poliesta mpya ya kontena? Kwa leo ni poliesta. Pamba yetu ya Simiyu na Shinyanga sehemu kubwa inauzwa nje bado haijasokotwa. Uzi ukianza kusokotwa na kufumwa hapa kwa wingi, nitakuwa wa kwanza kupanga foleni.

neema_uchumi: Asante, hilo la pamba kutoka bila kusokotwa linaniuma zaidi sasa.

msafi_kkoo: Mimi nauza nguo mpya Kariakoo, umetuponda sana. Sio zote mbovu.

Mwandishi: Sijasema zote boss wangu. Mpya ina faida zake, mtu akitaka mashati sita yanayofanana ya kamati ya harusi, mtumba hauna hiyo kitu. Saizi zote zipo na mteja anaweza kurudi kubadilisha. Nilichosema ni ile ya bei chee yenye dawa. Hebu wewe uliye dukani wape watu namna ya kuzitambua.

msafi_kkoo: Sawa. Sugua kitambaa kwa kitambaa karibu na pindo, ikitoka unga mweupe au ikalegea ghafla hiyo ni dawa tupu. Angalia na mshono, ukikuta nyuzi zinaning'inia na pindo jembamba kama ukucha haitabebeka hata kwa fundi. Na lowesha kitambaa cheupe usugue rangi, muuzaji mzuri hatakukataza.

Mwandishi: Hiyo ndo elimu. Mimi pindo la ndani naliangalia sana hata kwenye mtumba, pindo nene maana yake fundi anaweza kukuachia ukinenepa.

zuhura_kongowea: Nasoma nikiwa Mombasa, sisi huku twanunua Kongowea. Ile harufu ya mtumba yanishinda, nafua mara tatu bado ipo. Nafanyaje?

Mwandishi: Dada Zuhura, sabuni nyingi inaifungia ndani. Loweka usiku kucha kwenye ndoo ya maji yenye kikombe cha siki nyeupe, asubuhi suuza, ndo ufue kwa sabuni kidogo. Siki usiichanganye na jiki kamwe, inatoa hewa ya sumu. Kisha anika penye upepo, koti zito geuza ndani nje.

fundi_mbagala: Niongezee hapo, mnaoanika nje kwenye miti, pasi ipigeni mpaka kwenye mishono na lastiki. Kuna nzi wa embe anataga kwenye nguo mbichi, na mayai yakianguliwa funza wanapenya kwenye ngozi, ni jipu lenye funza. Watoto wachanga ndo wanaumia.

Mwandishi: Kweli kabisa fundi, na hilo halijali mtumba wala mpya. Bei ya kubadilisha zipu ya jinzi huko kwako sasa hivi ikoje? Waambie waingize kwenye hesabu ya hatua ya 6.

fundi_mbagala: Inategemea zipu. Waje nayo wenyewe ya chuma, za plastiki wananirudia baada ya mwezi wananilaumu mimi.

Mr_Smart255: Na soksi je?

Mwandishi: Hatua ya 3, mstari huo huo.