Kumwandalia kompyuta mtu mwenye shida ya kuona

Nafundisha kompyuta watu wenye uoni hafifu na wasioona kabisa. Mara nyingi naletewa mashine ambayo mtoto au mpwa ameitengeneza kwa nia njema, maandishi yamekuzwa mpaka hayaenei kwenye skrini, na mwenyewe hajawahi kuigusa. Kwa hiyo kabla ya yote, mwenye kompyuta akae mbele ya kibodi, mikono yake juu ya vitufe. Wewe kaa pembeni. Maelekezo haya ni ya Windows 11.

1. Muulize anaona nini. Fungua ukurasa wenye maandishi, akae anavyokaa siku zote, kisha akueleze. Mwenye presha ya macho iliyokwisha kula uoni wa pembeni huona kama anayechungulia kwenye bomba. Ukimkuzia mno, neno moja linajaza nafasi yake yote na anapotea. Huyo msaidie kwa rangi zinazoachana vizuri. Wenye ualbino wengi huumizwa na mwanga, na ukurasa mweupe unaong'aa huwachosha kwa dakika chache tu.

2. Ukubwa na rangi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na U. Kipengele cha kwanza ni ukubwa wa maandishi, unaofika asilimia 225. Ongeza kidogo kidogo, yeye ndiye aseme basi. Humo humo utakuza mshale wa kipanya na kuubadilisha rangi.

Kukuza skrini nzima, bonyeza Windows na alama ya kujumlisha; ya kutoa hupunguza, Windows na Esc hufunga. Kikuzaji kikiwa wazi, Control, Alt na I hugeuza rangi, nyeupe ikawa nyeusi. Wanafunzi wangu wenye ualbino wakishaijua hiyo, hawarudi nyuma.

3. Sauti. Kwa asiyeona, au anayeona kwa taabu, weka NVDA. Ni programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh. Ipakue kwenye tovuti ya nvaccess.org. Ukiifungua inaanza kusema papo hapo, hivyo hata asiyeona anaweza kuisakinisha mwenyewe, na nakusihi umwachie afanye hivyo.

Kwenye dirisha la makaribisho, ruhusu Caps Lock itumike kama kitufe cha NVDA, yaani kile kinachobonyezwa pamoja na vingine kuipa amri. Kwa kawaida ni Insert, lakini kompyuta mpakato nyingi zimeificha mahali pagumu kupapasa.

Sasa lugha, jambo ambalo wengi huliruka. Sauti ya Kiingereza ikisoma Kiswahili, ng'ombe hatambuliki tena, na mtu mzima hukata tamaa akidhani masikio yake ndiyo mabovu. Bonyeza Caps Lock, Control na S, uchague eSpeak NG, programu ya kutoa sauti iliyomo ndani ya NVDA. Kisha Caps Lock, Control na V, utafute Kiswahili katika orodha ya sauti. Ni sauti ya kimashine, lakini inatamka silabi zetu inavyopaswa. Hapo hapo punguza kasi. Ataiongeza mwenyewe baada ya wiki chache.

4. Vidole. Vitufe vya F na J vina vinundu: vidole vya shahada hukaa hapo. Kwenye Caps Lock, dondoshea rangi ya kucha matone mawili au matatu, kila moja likikauka kwanza, apate kinundu kingine.

Bonyeza Caps Lock na 1. Sasa kila kitufe atakachogusa kitatajwa jina bila kufanya kazi yake, kwa hiyo hawezi kuharibu kitu. Mpe siku nzima, au hata tatu, ya kupapasa tu. Bonyeza tena kuondoka. Mfundishe pia kwamba Control hunyamazisha sauti. Asiyejua kuinyamazisha huiogopa.

Unapoelekeza, usiseme "bonyeza pale". Taja kitufe kwa jina, na usimshike mkono bila kumwomba.

5. Kazi ya kwanza. Aandike barua fupi kwa mtu anayempenda, aihifadhi kwa Control na S, azime kompyuta. Kesho yake aiwashe, aitafute barua hiyo peke yake na aisikilize ikisomwa. Wewe nenda kakae chumba kingine.