Kufufua gari la zamani ukiwa mtu wa safari

Mimi ni fundi wa mizani. Kazi yangu ni kuzunguka na mawe ya majaribio, mengi yakiwa ya kilo 20, nikikagua mizani za maghala, za viwanda, na zile kubwa zinazopima lori zima na mzigo wake. Kwa mwezi nakuwa nyumbani siku nne, nikibahatika tano. Katika siku hizo nafufua Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1968, na huu ni mwaka wangu wa tatu nayo.

Maelekezo mengi ya kufufua magari yanamfaa mtu anayelala kwake kila usiku. Anafungua kitu leo jioni, anakifunga kesho, na nati zote bado anaziona kichwani zilipokuwa. Sisi wa safari hatuna kesho, tuna "nikirudi". Kati ya kufungua na kufunga zinapita wiki tatu za barabara, vitanda vya kukodi na matatizo ya watu wengine. Ndiyo maana sehemu kubwa ya haya nitakayoeleza inahusu namna ya kuliacha gari, ili ukirudi ulikute linaeleweka.

Nilijifunza hili kwa breki. Mwaka wa kwanza nilibadilisha silinda ya breki ya gurudumu la nyuma kushoto. Nilikuwa nimeshaunga bomba la mafuta ya breki na kukaza nati yake kwa vidole, spana iko mkononi, simu ikaita: mizani ya malori imegoma na foleni imeshakuwa ndefu. Nikaweka spana chini, nikarudisha gurudumu, nikaondoka. Niliporudi baada ya wiki tatu nilikuwa na hakika kabisa kwamba breki za nyuma nimezimaliza. Nikajaza mafuta, nikatoa hewa, kanyagio likashika. Nikaliwasha gari nikalitoa polepole. Nilipokanyaga breki mara ya tatu, kanyagio likazama mpaka sakafuni. Kilichonisimamisha ni breki ya mkono, ambayo kwenye Beetle inavutwa kwa kebo na haitegemei mafuta. Chini ya gurudumu la kushoto palikuwa pameshalowa.

Kazini nisingefanya kosa lile, kwa kuwa kazini hatuiamini kumbukumbu. Karatasi ya ukaguzi ina safu mbili: ilivyokutwa na ilivyoachwa. Kabla hujagusa skrubu yoyote unaweka jiwe juu ya mizani na kuandika namba inayosomeka, hata kama ni ya aibu. Ukimaliza kurekebisha unaweka jiwe lilelile na kuandika tena. Atakayekuja baada yako, hata akiwa ni wewe mwenyewe mwaka ujao, anajua mizani ilitoka wapi ikafika wapi.

Usiku ule nikachukua daftari la jalada gumu, nikapiga mstari katikati ya ukurasa.

Daftari

Upande wa kushoto andika "nilivyokuta", wa kulia "nilivyoacha". Upande wa kushoto unajazwa kabla ya kufungua, usiungoje mpaka jioni. Umbali kati ya ncha za plagi, mizunguko ya skrubu ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), waya gani ulikuwa kwenye terminali gani, boliti ipi ilikuwa ndefu kuliko mwenzake. Picha za simu zinasaidia, ila baada ya safari mbili zimezama kati ya mamia mengine. Mimi naandika daftarini tarehe na saa ya picha, halafu naitafuta kwa saa.

Chini ya ukurasa ongeza sehemu ya tatu: "bado". Hapo ndipo panapoandikwa ukweli unaouma. "Nati ya bomba la breki, nyuma kushoto, vidole tu." Maneno tisa, na kanyagio langu lisingezama.

Yapo pia mambo mawili nje ya daftari. Kila nati niliyoikaza kikamilifu naichora mstari mwembamba wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma kilicho pembeni yake. Nati isiyo na mstari haijakazwa, hata moyo wangu uniapie. Mstari ukivunjika katikati, ujue nati imezunguka. La pili ni kitambaa chekundu kwenye usukani. Kikiwepo, gari haliwashwi wala halisukumwi, na kila mtu nyumbani anajua hivyo.

Kata kazi iwe ndogo kuliko siku zako

Ukiwa na siku nne, chagua kazi ya siku mbili. Siku ya kwanza mwili bado uko barabarani. Itumie kukagua, kusafisha na kunyunyizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye boliti utakazozifungua kesho yake, ili yapate usiku mzima wa kupenya. Siku ya pili na ya tatu ndiyo kazi yenyewe. Siku ya nne usifungue chochote. Funga, kaza, chora mistari, andika.

Breki nazifanya gurudumu moja moja, tena nalimaliza. Najua kuna wanaopenda kuvua gari lote mpaka libaki mifupa kisha kulijenga upya, na gari la namna hiyo linapendeza likikamilika. Kwa mtu wa safari siishauri. Gari lililovuliwa lote halikuonyeshi umefika wapi, na baada ya miezi kadhaa ya kurudi nyumbani kukuta marundo, hamu inakufa.

Vitu vidogo visikae kwenye kopo moja. Chukua kipande cha boksi, chora umbo la kitu ulichofungua, mfuniko wa klachi kwa mfano, toboa matundu, kisha chomeka kila boliti mahali pake. Nati nyingine mbili tatu zirudishe palepale zilipotoka, kwenye skrubu zake. Hakuna kopo salama kuliko hapo.

Kazi za kubeba safarini

Si lazima jioni za ugenini zipotee. Kabureta yangu, Solex ya mdomo mmoja, niliisafisha ndani ya vyumba vya wageni, safari mbili mfululizo. Sharti ni kwamba petroli imalizikie nyumbani. Iondoe yote, osha kabureta kwa maji ya sabuni, ifungue mpaka kwenye bakuli lake, iache wazi mahali penye hewa mpaka isinuke hata ukiisogeza puani. Kitu chenye harufu ya petroli hakipandi basi wala ndege, na hakilali chumbani na mtu.

Kabla ya kutoa skrubu ya mchanganyiko, ikaze taratibu hadi iguse mwisho, ukihesabu mizunguko. Usiilazimishe, ncha yake ni nyembamba na inaharibika. Yangu ilikuwa mzunguko mmoja na robo tatu, na imeandikwa kushoto. Jeti, yaani vitundu vinavyopima petroli, ni za shaba laini. Usizizibue kwa waya wa chuma, kwa kuwa tundu likipanuka hata kidogo tu kipimo chake kimekwisha. Puliza, au pitisha uzi mmoja wa nailoni. Tandika taulo jeupe mezani kabla ya kuanza. Kijipira cha vali kikiangukia kwenye zulia utakitafuta kwa magoti mpaka usiku wa manane.

Safari pia ndiyo nafasi nzuri ya kutafuta vipuri, kwa kuwa unapita mahali ambapo wengine hawafiki. Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 mpaka mwaka 2003, kwa hiyo vipuri vipo, ila cha mwaka huu hakikai daima kwenye gari la mwaka ule. Kwenye pochi nina kadi ngumu: namba ya chesisi, namba ya injini (inaanza na herufi F), umeme wa volti 12, breki za ngoma magurudumu yote, na vipenyo vya sili nilizopima mwenyewe. Bila kadi hiyo nilishawahi kununua taa za volti 6.

Asubuhi ya valvu

Kazi ya kupima mapengo ya valvu, yaani milango midogo ya kuingiza hewa na kutoa moshi kwenye silinda, nataka kuieleza kwa kituo, maana inamfaa mno mtu wa safari. Inataka injini iliyopoa kabisa, na gari lililosimama wiki tatu limepoa. Inaisha asubuhi moja.

Inua nyuma ya gari kidogo, liweke juu ya stendi. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Gia iwe huru. Toa kifuniko cha distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi. Zungusha injini kwa spana ya 21 kwenye nati ya puli ya jenereta, kufuata mshale wa saa, mpaka rota (mkono unaozunguka ndani ya distributa) ielekee kwenye alama ndogo iliyokatwa kwenye ukingo wa distributa na alama ya puli ya chini iwe sawa na mstari unaogawa injini katikati. Hapo pistoni ya silinda ya 1 iko juu na valvu zake zote mbili zimefunga. Silinda ya 1 ni ya kulia upande wa mbele ya gari, ya 2 iko nyuma yake. Ya 3 ni ya kushoto mbele, ya 4 nyuma yake.

Toa kifuniko cha valvu kwa kusukuma waya wake chini kwa bisibisi. Weka chombo, oili kidogo itatoka. Chukua fila geji (kibati chembamba cha kupimia mapengo) ya milimita 0.15, ambacho ndicho kipimo cha injini kama yangu (hakikisha kwenye kitabu cha gari lako, kwani injini nyingine za zamani zina vipimo vyao), uipitishe kati ya skrubu na shina la valvu. Inatakiwa ipite kwa kukwama kidogo, kama kisu kinachopita kwenye karatasi ngumu. Ukiona haipiti, usikimbilie kurekebisha. Jaribu geji nyembamba moja baada ya nyingine mpaka ujue pengo ni kiasi gani, kisha andika. Hiyo ndiyo safu ya kushoto. Ndipo ulegeze nati kwa spana ya 13, urekebishe skrubu kwa bisibisi, ukaze nati ukiwa umeishikilia skrubu isizunguke, na upime tena. Nati ikikazwa huwa inavuta kipimo, kwa hiyo kupima mara ya pili ni lazima.

Puli ya chini izungushe nusu mzunguko, uende silinda ya 4, kisha ya 3, kisha ya 2, kwa mpangilio wa kuwaka wa injini hiyo. Mwishoni utakuwa na namba nane. Safisha mahali pa gasketi, weka gasketi mpya, rudisha vifuniko.

Sasa angalia namba hizo nane zilinifanyia nini. Valvu ya moshi ya silinda ya 3 niliikuta ina 0.10. Nikairudisha 0.15. Safari iliyofuata nikaikuta 0.10 tena, na iliyofuata 0.05. Nyingine saba hazikusogea. Kwenye injini hizi za kabla ya 1971 kipoza oili kimesimama ndani ya njia ya hewa, juu ya silinda za kushoto, na silinda ya 3 hupata hewa iliyokwishapashwa moto. Pengo linaloziba mara kwa mara maana yake ama shina la valvu linarefuka, ama kiti chake kinazama. Shina likirefuka huishia kukatika, na kichwa cha valvu kikidondokea kwenye pistoni, injini imekwisha. Ningekuwa narekebisha bila kuandika, kila safari ningeondoka nimeridhika. Niliomba likizo ndefu kidogo, nikaishusha injini, inayoshikwa na boliti nne tu kwenye giaboksi, nikavua kichwa cha kushoto. Shingo ya valvu ile ilikuwa imenyauka katikati, unaihisi kwa ukucha.

Kutu

Kuhusu kutu nitasema machache. Tafuta chini ya betri, iliyo chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia, na kwenye mihimili iliyo chini ya milango. Usikate mhimili kama likizo yako haitoshi kuuchomelea mpya, na usiukate kabla ya kupima mianya ya milango na kuufunga mwili wa gari kwa vyuma vya kuuzuia usijikunje. Mlango ukikataa kufunga baadaye, hakuna rangi itakayouponya.

Kuondoka na kurudi

Unapoondoka, toa waya hasi wa betri. Hakikisha terminali zimefunikwa, kwa sababu spiringi za kiti cha nyuma zikizigusa kiti kinaweza kuwaka. Bana mpira wa petroli karibu na giaboksi kama umefungua chochote upande wa injini, maana petroli ya tangi la mbele inaweza kujitiririkia yenyewe. Usiache breki ya mkono imevutwa, viatu vya breki hugandana na ngoma. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu. Funika kwa kitambaa kinachopumua, si nailoni inayofungia unyevu.

Ukirudi usiwashe kwanza. Nusa. Angalia chini. Bonyeza mipira yote ya petroli kwa vidole, na wenye nyufa utupe siku hiyohiyo. Beetle nyingi zimeungua kwa mpira mmoja uliochoka juu ya injini ya moto. Pima betri: iliyojaa husoma kama volti 12.6 ikiwa imetulia, na ikifika 12 imekwisha. Tazama kiwango cha mafuta ya breki. Halafu kaa kwenye kiti, fungua daftari, soma "bado".

Kesho alfajiri naondoka tena, siku kumi na tisa. Ukurasa wa leo upande wa kulia unasema: valvu zote nane 0.15, breki nne zina mistari, betri 12.6. Chini yake: "bado: kebo ya breki ya mkono, kulia, haijarekebishwa. Anza hapo." Kitambaa chekundu nimekifunga kwenye usukani.