Namna ya Kuandaa Maoni ya Parokia juu ya Muswada wa Sheria Unaogusa Uhai, Elimu na Afya

Muswada unaogusa uhai, shule au hospitali unapofikishwa Bungeni Dodoma, waumini wengi wa Moshi na Arusha huusikia kwanza redioni, wakati ambapo kamati imekwisha kupokea maoni ya wadau na wabunge wamebakiza kupiga kura. Mwongozo huu ni kwa wajumbe wa Kamati za Haki na Amani, viongozi wa Halmashauri ya Walei, na wanachama wa WAWATA, UWAKA na VIWAWA (vyama vya Kikatoliki vya wanawake, wanaume na vijana) wanaotaka kufika mapema, tena wafike na kitu ambacho mbunge anaweza kukitumia. Kitu hicho ni kifungu kilichoandikwa upya. Tamko la jumla peke yake halimsaidii.

Nasema hivyo kwa sababu yalitupata. Miaka kadhaa iliyopita parokia yetu ya huku mlimani iliandika barua ya kurasa sita, yenye nukuu za Maandiko kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo, na wawili wetu tukaipeleka wenyewe Dodoma, safari ya siku nzima kwa basi kupitia Babati na Kondoa. Ofisa aliyetupokea aliisoma kwa heshima hadi mwisho, akaikunja, kisha akauliza: “Sasa wazee wangu, mnataka kifungu kipi kibadilishwe, na kisomekeje?” Hatukuwa na jibu. Tulirudi Moshi na muhuri wa “imepokelewa” kwenye nakala yetu, basi.

Kwanza, amueni mnasema kwa jina la nani

Jambo hili hupuuzwa, na ndilo huzua ugomvi baadaye. Ibara ya 21 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inampa kila raia haki ya kushiriki katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu yeye au Taifa lake. Kwa hiyo waumini 20 wa jumuiya moja wanaweza kuandika na kutia saini kama raia bila kumwomba mtu ruhusa. Lakini wakitaka kujiita chama cha Kikatoliki, sheria ya Kanisa, kanuni ya 300, inadai ridhaa ya mamlaka husika ya Kanisa, na wakitaka barua ibebe jina la parokia au la jimbo, paroko na ofisi ya Baba Askofu lazima wajue mapema. Paroko akiletewa barua iliyokwisha kutumwa, ana haki ya kukasirika.

Kabla ya kuandika neno lolote, ulizeni jimboni kama Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania limekwisha kutoa msimamo juu ya muswada huo. Kwa mambo ya shule na hospitali, ulizeni pia kuhusu Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, ambayo Baraza la Maaskofu liliianzisha pamoja na Jumuiya ya Kikristo Tanzania mwaka 1992, mwaka ule ule makanisa yalipotia saini hati ya maelewano na Serikali juu ya huduma hizo. Tume hiyo ina wataalamu, na mara nyingi huwa imekwisha kuuchambua muswada. Kazi ya parokia haitakuwa kurudia uchambuzi wao, bali kuongeza yale yanayoonekana kutoka Kilema, Kibosho au Ngarenaro na hayaonekani kutoka Dar es Salaam.

Chama cha siasa kikae nje ya kazi hii. Kanuni ya 287 ya sheria ya Kanisa inawazuia makleri, yaani mashemasi, mapadre na maaskofu, kushiriki kikamilifu katika vyama vya siasa, na walei, ingawa wana uhuru wa kuwa wanachama, wasiitumie kamati ya parokia kumpigia mtu kampeni. Katika mwaka wa uchaguzi ningeshauri maoni yasisomwe kabisa wakati wa matangazo baada ya Misa, hata kama hayamtaji mgombea yeyote, kwa maana watu watamsikia mgombea humo hata asipotajwa.

Kuusoma muswada wenyewe

Pateni muswada kamili kama ulivyochapishwa, katika tovuti ya Bunge au kwa ofisi ya mbunge wenu. Muhtasari uliosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp usiwe msingi wa chochote. Anzeni kusoma mwishoni, penye Madhumuni na Sababu, kwa kuwa hapo Serikali inaeleza kwa lugha nyepesi kila sehemu inalenga nini, ndipo mrudi kwenye vifungu. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria, jambo lililowapa akina mama wa jumuiya nafasi ambayo zamani ilikuwa ya mawakili peke yao.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali, ambao ndani yake huwekwa mabadiliko madogo ya sheria nyingi kwa pamoja: kifungu kinachogusa shule zenu kinaweza kukaa katikati ya mambo ya kodi na usafirishaji, na jina la muswada lisidokeze lolote. Wa pili ni hati ya dharura, ambayo hufupisha muda kiasi kwamba kamati isiyokuwa imejiandaa haiwezi kufanya lolote. Ndiyo maana mjumbe mmoja, ikiwezekana mwalimu mstaafu mwenye subira, apewe kazi ya kudumu ya kuangalia ratiba ya mikutano ya Bunge na orodha ya miswada, mwaka mzima.

Kukusanya ushahidi wa hapa kwetu

Hapa ndipo parokia ina utajiri ambao wengi hawana. Chukueni mfano wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Muswada wake ulifikishwa Bungeni mwaka 2022, ukacheleweshwa ili mashauriano yaendelee, ukapitishwa Novemba 2023. Na miongoni mwa maswali yaliyojadiliwa sana ni nani atawalipia wasio na uwezo. Kila mtu angeweza kusema kwamba maskini wasaidiwe. Ila ni watu wa mlimani wanaojua kwamba familia inayoishi kwa migomba na kahawa kwenye kihamba, shamba la ukoo, haina mshahara wa kila mwezi, kwamba fedha ya kahawa huja kwa msimu kupitia chama cha ushirika, na kwamba mchango unaodaiwa kwa mkupuo miezi ambayo nyumba haina kitu utawaacha nje watu ambao miezi michache baadaye wangeweza kulipa. Hoja hiyo inazaa kifungu: mchango wa kaya isiyo na ajira rasmi ulipwe kwa awamu zinazofuata msimu wa mapato. Ofisa wa bima anaweza kuipinga, lakini hawezi kusema hakuielewa.

Nendeni pia kwenye zahanati na hospitali za Kanisa. Mwombeni mganga mfawidhi na mhasibu wawaeleze madai ya bima huchukua muda gani kulipwa, ni huduma zipi hutolewa kwa hasara, na watumishi wangapi wanalipwa na Serikali. Chukueni hesabu za jumla tu. Jina la mgonjwa, kijiji chake pamoja na ugonjwa wake, au picha yake, visiingie katika waraka wenu hata akikubali, kwa sababu waraka ukishafika kwenye kamati haurudi mikononi mwenu.

Kuhusu elimu nitasema kwa kifupi. Angalieni kwanza kama jambo linalowasumbua liko katika sheria, katika kanuni au katika waraka wa wizara. Ruhusa ya wasichana waliojifungua kurudi shuleni, kwa mfano, ilitolewa mwishoni mwa mwaka 2021 kwa uamuzi wa wizara, pasipo Bunge kubadilisha Sheria ya Elimu. Anayetaka kuutetea uamuzi huo uwe imara zaidi, au kudai mabweni na walezi wa kuufanikisha, asimwandikie mtu asiyehusika.

Kuandika juu ya uhai

Kamati ya Bunge ina Waislamu, Walutheri na watu wasiosali popote. Imani yenu iwe mizizi, lakini hoja isimame kwenye Ibara ya 14 ya Katiba, inayosema kila mtu ana haki ya kuishi na kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake. Kanuni ya Adhabu, yaani sheria ya makosa ya jinai, inakataza utoaji mimba na inamlinda anayefanya upasuaji wa kuokoa maisha ya mama. Anayetetea vifungu hivyo avisome kwanza, na ahakikishe namba anazozitaja ni za toleo la sheria linalotumika sasa.

Kanuni hiyo hiyo ya Adhabu bado inamlazimu jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kosa la kuua kwa kukusudia, ingawa hukumu hiyo haijatekelezwa tangu miaka ya 1990. Mwaka 2018 Papa Fransisko alirekebisha namba 2267 ya Katekisimu ya Kanisa Katoliki ili iseme wazi kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Kamati inayoandika juu ya mtoto aliye tumboni ikamnyamazia aliyehukumiwa kunyongwa itaulizwa swali hilo, na ni heri ijiulize yenyewe kwanza. Vivyo hivyo, msiandike juu ya ujauzito wa binti bila kutaja nani atamlea, atajifungulia wapi na kwa gharama ya nani.

Waraka wenyewe na kuufikisha

Kurasa tatu zinatosha. Aya ya kwanza iseme ninyi ni nani na mnahudumia watu wangapi. Kisha lifuate jedwali la safu tatu: kifungu kilivyo katika muswada, kisomekeje mnavyopendekeza, na sababu yake kwa sentensi mbili au tatu. Msiweke mapendekezo zaidi ya matano. La nane halisomwi na mtu. Mkiunga mkono kifungu fulani, kitajeni pia, kwa maana mara nyingi kizuri hufutwa dakika za mwisho kwa kukosa wa kukisemea. Maandiko yakae katika aya moja, mwanzoni au mwishoni.

Mtumieni Katibu wa Bunge nakala ndani ya muda uliotangazwa, na nakala nyingine mpelekeeni mbunge wa jimbo lenu, ana kwa ana, akiwa nyumbani wikiendi badala ya katikati ya kikao. Mwambieni mlilo nalo kwa dakika kumi, mkimwita Mheshimiwa hata kama mlisoma naye darasa moja. Mbunge anaweza kuwasilisha jedwali la marekebisho muswada unapofika Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wanapoupitia kifungu kwa kifungu, na lenu likiwa limekwisha kuandikwa vizuri, mmempunguzia kazi. Kama majirani Walutheri wa KKKT au Waislamu wa BAKWATA wana hoja ile ile, waalikeni waandike waraka wao. Nyaraka tatu zinazopendekeza kifungu kimoja zina uzito kuliko waraka mmoja wenye saini za wote.

Mkiitwa mbele ya kamati, mpelekeni mtu mmoja wa kusoma na mmoja wa kujibu maswali, na angalau mmoja wao awe muuguzi, mwalimu au mzazi anayeishi na jambo lenyewe. Mpangieni nauli na mahali pa kulala Dodoma kabla ya mwaliko kufika, maana huo huja usiku wa kuamkia kesho.

Muswada ukipita na Rais akiutia saini, mengi yaliyoachwa wazi yataandikwa na waziri katika kanuni, na mengine yatafika halmashauri kama sheria ndogo. Mjumbe yule anayefuatilia ratiba ya Bunge aanze sasa kufuatilia Gazeti la Serikali na matangazo ya halmashauri, na nakala ya waraka wenu, pamoja na jibu lolote lililopatikana, iwekwe kwenye faili ofisini kwa paroko, ili kamati itakayochaguliwa baada yenu isianze upya kutafuta ni kifungu kipi mlikuwa mnakitaka.