Unanasa pakiti kwenye seva lakini mteja haonekani?

Ukiwasha tcpdump (zana ya kunasa pakiti za mtandao) kwenye seva iliyo nyuma ya HAProxy (programu ya kigawa mzigo, inayogawa maombi kati ya seva), kisha ukachuja kwa anwani ya IP ya mteja anayelalamika, mara nyingi utabaki unatazama skrini tupu. Usikimbilie kulaumu ukuta wa moto. Kwa kawaida HAProxy huupokea muunganisho wa mteja, ukaishia hapo hapo, kisha yenyewe hufungua mwingine kwenda kwenye seva. Seva inaiona HAProxy tu.

Kwa hiyo nasa pande mbili kwa pamoja: kwenye HAProxy chuja kwa anwani ya mteja, kwenye seva chuja kwa anwani ya HAProxy. Na ziwe seva zote, tafadhali, maana hujui ombi litaangukia ipi. Linganisha saa za mashine zote kwa NTP (itifaki ya kusawazisha saa kupitia mtandao) kwanza. Nilishapoteza usiku mzima na mafaili mawili yaliyopishana sekunde tatu. Kama trafiki ya ndani haijasimbwa na umeweka option forwardfor kwenye mipangilio ya HAProxy, tafuta X-Forwarded-For (kichwa cha HTTP kinachobeba anwani ya mteja) ndani ya ombi: hapo ndipo utampata mteja halisi.

LVS (kigawa mzigo kilichomo ndani ya Linux) ikiwa kwenye hali ya DR (Direct Routing) ni habari nyingine. Majibu hutoka kwenye seva moja kwa moja hadi kwa mteja, kwa hiyo kwenye kigawa mzigo utaona maombi peke yake.