Kutia Madini ya Nyongeza Katika Tangi la Matumbawe Nyumbani Nairobi

Kabla hujanunua chupa yoyote ya madini ya nyongeza kwa ajili ya matumbawe yako, pima ualkali wa maji ya tangi, yaani hasa kiasi cha bikaboneti kilichomo, Jumatatu jioni, usitie kitu chochote kwa siku tatu, kisha upime tena Alhamisi saa ile ile. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo itakayokuambia kama tangi lako linahitaji nyongeza, na kwa kiasi gani. Nimewaona wafugaji wengi hapa Nairobi wakianzia upande wa pili: wananunua chupa tano au sita, wanafuata dozi iliyoandikwa kwenye lebo, na baada ya miezi miwili wanauliza kwa nini ncha za matumbawe yao zimekufa. Aliyeandika lebo hajui tangi lako lina matumbawe mangapi, wala yanakua kwa kasi gani.

Nini kinachotumika ndani ya maji

Tumbawe gumu ni koloni la wanyama wadogo wanaojijengea kiunzi cha kalsiamu kaboneti, ambayo ndiyo madini ya mawe ya chokaa tuliyoyazoea. Ili kujenga kiunzi hicho, wanyama hao huchukua kalsiamu na bikaboneti kutoka kwenye maji yanayowazunguka, na nguvu ya kufanya kazi hiyo hupatikana kwa sehemu kubwa kutoka kwa mwani mdogo sana unaoishi ndani ya nyama yao na kutengeneza sukari kwa mwanga. Baharini akiba hii haiishi. Katika tangi la lita mia mbili, akropora (aina ya tumbawe gumu lenye matawi) chache zinazokua vizuri zinaweza kuipunguza mchana mmoja kiasi cha kuonekana kwenye kipimo.

Maji ya bahari ya kawaida, yenye chumvi ya gramu 35 kwa kila kilo, yana kalsiamu ya miligramu 410 hadi 420 hivi kwa lita, magnesiamu inayokaribia miligramu 1,300, na ualkali wa takriban 7 kwa kipimo ambacho vifaa vingi hukiandika dKH, yaani digrii za ugumu wa kaboneti. Nyumbani, kalsiamu ya 400 hadi 450, magnesiamu ya 1,250 hadi 1,400 na ualkali wa 7 hadi 9 vinatosha kabisa. Tumbawe huzoea ualkali wa 7.5 na huzoea ualkali wa 8.5, kisichovumilika ni kuyumba kutoka 7.5 hadi 9 na kurudi tena ndani ya wiki moja.

Kuna jambo moja la hesabu ambalo, likieleweka, huondoa nusu ya wasiwasi wa mfugaji. Kalsiamu na bikaboneti hutumika kwa uwiano usiobadilika sana: ualkali ukishuka kwa 1 dKH kwa sababu ya ukuaji wa matumbawe, kalsiamu hushuka kwa miligramu 7 hivi tu kwa lita. Kwa hiyo ualkali ukitoka 8 hadi 6, umepoteza robo nzima ya akiba yake, ilhali kalsiamu imetoka 420 hadi 406, tofauti ambayo vipimo vingi vya nyumbani haviwezi hata kuionyesha kwa uhakika. Ndiyo maana mtu anayepima kalsiamu peke yake hudhani tangi lake limetulia, huku matumbawe yakikosa kitu kingine kabisa. Pima ualkali mara mbili kwa wiki, kalsiamu mara moja kwa wiki mbili, na magnesiamu mara moja kwa mwezi.

Ikiwa tofauti ya Jumatatu na Alhamisi ni chini ya 0.3, na tangi lako lina matumbawe laini zaidi kuliko magumu, huhitaji nyongeza yoyote kwa sasa. Kubadilisha asilimia kumi ya maji kila wiki kutatosha. Lakini usitarajie mabadiliko hayo ya maji yabebe tangi lenye njaa: ualkali ukiwa umeshuka hadi 7 na maji mapya yakiwa na 8, kubadilisha asilimia kumi kutakurudisha hadi 7.1 tu.

Maji ya Nairobi

Nyongeza haifai kitu ikiwa maji ya kuanzia hayajulikani. Maji ya bomba ya mjini, ambayo mengi hutoka kwenye mabwawa ya milimani kama Ndakaini na Sasumua, huwa mepesi kwa madini lakini hutiwa klorini, na hubadilika mvua zinapoanza. Maji ya visima virefu vya Nairobi ni suala jingine: mengi yana floraidi kwa wingi, na yasitumike bila kuchujwa. Kinachofaa ni maji yaliyopitishwa kwenye chujio la osmosisi ya kinyume (RO) na kisha kwenye resini ya kuondoa ioni, hadi kipima madini kionyeshe sifuri. Ukinunua maji yaliyochujwa kwenye duka la mtaani, nenda na kipima madini chako na uyapime kila mara, kwa kuwa chujio lililochoka halionekani kwa macho. Maji ya kunywa ya chupa hayana uhakika, kwa sababu baadhi ya watengenezaji huyarudishia madini ili yapate ladha.

Ukishachanganya chumvi mpya, kiasi cha gramu 35 hadi 38 kwa lita kutegemea aina yake, yapime maji hayo kabla hayajaingia kwenye tangi. Chumvi nyingine hutoa ualkali wa 11 au 12, na mtu anayebadilisha robo ya maji kwa chumvi ya namna hiyo atakuwa ameyapa matumbawe yake mshtuko bila kugusa chupa yoyote ya nyongeza. Rifraktomita, kifaa cha kupimia chumvi ya maji, nayo irekebishwe kwa kimiminika maalumu chenye chumvi ya 35, si kwa maji matupu peke yake.

Njia ya chupa mbili

Kwa tangi la kati, njia hii ndiyo ninayoipendekeza kwanza, kwa sababu inaweza kupimwa na kusahihishwa kwa urahisi. Chupa moja huwa na bikaboneti ya sodiamu, nyingine kloridi ya kalsiamu. Tuseme tangi lako la lita 240 lina lita 200 za maji halisi baada ya kutoa nafasi ya mawe na mchanga, na ualkali umeshuka kutoka 8.4 hadi 7.5 ndani ya siku tatu. Hiyo ni 0.3 kwa siku. Ili kuinua ualkali kwa 1 dKH katika lita 100, unahitaji gramu 3 za bikaboneti. Kwa hiyo 0.3 katika lita 200 ni gramu 1.8 kwa siku. Yeyusha gramu 60 za bikaboneti, ujaze maji safi hadi lita moja, na kila mililita 30 za maji hayo zitakuwa na dozi ya siku moja. Katika chupa ya pili, weka gramu 52 za kloridi ya kalsiamu ile yenye molekuli mbili za maji, nayo ujaze hadi lita moja. Vipimo hivi vimelinganishwa, hivyo mililita 30 za chupa ya kwanza zitaandamana na mililita 30 za chupa ya pili. Mimina kloridi ndani ya maji, wala usimimine maji juu ya kloridi, kwa kuwa hutoa joto inapoyeyuka. Na uvae glavu.

Bikaboneti ni ile inayouzwa madukani kama magadi soda ya kuokea, mradi pakiti haina kitu kingine ndani yake. Usiichanganye na poda ya kuokea keki, ambayo huwa na wanga na mara nyingi fosfeti. Na magadi ya sokoni, yale mabonge kutoka Ziwa Magadi ambayo watu hulainishia maharagwe na githeri, hayafai kamwe, hata kama kiini chake ni kaboneti ya sodiamu: yana floraidi nyingi, na yana udongo. Kloridi ya kalsiamu itafute ya kiwango cha chakula, ambayo watengenezaji wa jibini pia huitumia. Ile ya viwandani iache.

Vitie vimiminika hivi kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mahali penye mkondo mkali wa maji, kimoja asubuhi na kingine jioni, au angalau kwa kuachana nusu saa. Vikikutana vikiwa vizito, huungana papo hapo na kuwa chembe nyeupe kama vumbi la chokaa, na madini uliyoyanunua huishia juu ya mchanga na ndani ya pampu. Ikiwa ualkali tayari umeshuka sana, usiupandishe zaidi ya 1 dKH kwa siku, hata kama hesabu inakuonyesha kwamba unaweza kuumaliza upungufu wote leo. Baada ya wiki moja pima tena, na urekebishe dozi kwa mililita mbili au tatu.

Maji ya chokaa

Mwambao wetu una historia ndefu ya kuchoma matumbawe ili kupata chokaa ya kujengea misikiti na nyumba, na kila ninapokoroga chokaa kwenye ndoo yangu huku bara huwaza kwamba kazi ile imegeuzwa: sasa chokaa ndiyo inayorudi kuwa tumbawe. Matumbawe hai ya Malindi na Watamu, ambako hifadhi za bahari zilianzishwa mwaka 1968, yabaki kule. Ya nyumbani yatokane na vipande vilivyokuzwa kwenye matangi, na yale magumu yanayotoka nchi za nje yaandamane na hati za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini.

Chokaa iliyozimwa, yaani haidroksidi ya kalsiamu, ikiwa safi ya kiwango cha chakula na si ya kupakia ukuta, hutoa kalsiamu na ualkali kwa pamoja na kwa uwiano uleule ambao matumbawe huutumia. Lita moja ya maji haiyeyushi zaidi ya gramu 1.7 hivi. Koroga, funika, acha itulie, kisha tumia yale maji maangavu ya juu, kwa matone, badala ya maji yanayopungua kwa mvuke. Usiku ndio wakati mzuri, kwa kuwa pH ya tangi hushuka taa zikizimwa na chokaa huipandisha. Tahadhari ni kwamba maji haya yana pH inayozidi 12, na lita tatu zake katika tangi la lita 200 huongeza ualkali kwa 1.9 hivi. Anza na robo ya maji unayojazia, nyingine iwe maji matupu.

Wengi huunganisha chokaa na kifaa cha kujaza maji kinachojiendesha, na hapo msimu huingia kwenye hesabu. Januari na Februari hewa ya Nairobi ni kavu na maji hupungua haraka. Masika yakianza Machi, hewa hulowana na upungufu huwa mdogo. Dozi ya chokaa hubadilika pamoja nao bila wewe kugusa kitu, huku mahitaji ya matumbawe yakibaki yaleyale. Misimu inapobadilika, pima ualkali kila baada ya siku moja.

Magnesiamu na mengineyo

Magnesiamu huzuia kalsiamu na kaboneti zisiungane ovyo ndani ya maji. Ikiwa ualkali hautulii hata ukiongeza dozi, ipime kabla ya kulaumu kitu kingine. Gramu 10 za chumvi ya Epsom kutoka duka la dawa huinua lita 100 kwa miligramu 10 hivi kwa lita, na marekebisho madogo ya namna hiyo yanatosha.

Iodini, strontiamu, chuma na mchanganyiko wa madini machache yanayouzwa kwa bei kubwa huja na chumvi mpya kila unapobadilisha maji. Kanuni yangu ni kutotia nisichoweza kukipima, na kwa iodini nimeishika bila kulegeza, kwa sababu ikizidi kidogo tu ni sumu. Vyakula vya matumbawe na amino asidi husaidia kwa kiasi, lakini hupandisha nitreti na fosfeti. Hata hivyo usizitafute ziwe sifuri: matumbawe yaliyokosa kabisa virutubisho hivyo hupauka, na ncha zao huungua kwa urahisi ualkali ukiwa juu.

Umeme unapokatika

Pampu ikisimama, usitie dozi yoyote, kwa kuwa kimiminika kizito kitakaa mahali pamoja na kuchoma nyama iliyo karibu. Na kwa kuwa mji huu uko juu ya mita 1,600, maji yetu hubeba oksijeni pungufu kuliko ya pwani, hivyo betri ya akiba iende kwenye pampu ya mkondo kabla ya taa.

Aprili moja umeme ulikatika na kurudi mara kadhaa kwa siku, na kila uliporudi pampu yangu ya dozi ilianza ratiba yake upya. Tangi lililokuwa likitumia 0.8 kwa siku lilipokea dozi nne, na jioni ualkali ulikuwa 10.6. Akropora mbili zilipoteza ncha zote. Tangu siku hiyo, chupa ya pampu huwekewa dozi ya siku mbili tu, ili hata ikimwagika yote isiue. Likikufika hilo, usitie asidi wala usibadilishe nusu ya maji kwa hofu. Zima pampu ya dozi, punguza mwanga kidogo, na uyaache matumbawe yenyewe yatumie ziada. Langu lilichukua siku tano kurudi 8.3, nikaanza tena kwa nusu ya dozi.