Namna ya kumtambua mkesha wa Taita ndani ya msitu

Mkesha wa Taita (Turdus helleri) ni ndege asiyeishi popote duniani ila katika mabaki ya misitu ya ukungu yaliyo juu ya Milima ya Taita, kusini-mashariki mwa Kenya. Wageni wengi humkosa kwa sababu humtafuta juu mitini, ilhali yeye hushinda chini.

Hatua ya 1: Chagua msitu. Mbololo ndio wenye mikesha wengi zaidi, lakini Ngangao hufikika kwa urahisi ukitokea Wundanyi. Chawia ni mdogo na umeharibiwa zaidi, kwa hiyo sikushauri uanzie huko.

Hatua ya 2: Ingia alfajiri, uipite mikaratusi na misonobari iliyopandwa, mpaka ufike penye miti ya asili iliyofungana juu, vichaka vichache chini, na zulia nene la majani makavu. Humo ndimo anamopata wadudu, pamoja na matunda yaliyoanguka. Ukiona mti unaodondosha matunda, umepata kituo chako.

Hatua ya 3: Keti na usikilize. Mkesha hupiga hatua chache za haraka, husimama wima, kisha hurusha jani kando kwa mdomo na kutazama kilichokuwa chini yake. Sauti yake basi huja kwa vipande: mchakacho mfupi, kimya, mchakacho tena. Mimi huhesabu nusu saa nzima kabla ya kuhama, na mara nyingi ndege hujitokeza pale nilipokwisha kukata tamaa.

Hatua ya 4: Tazama mdomo kwanza. Katika kiza cha msitu, kichwa, koo na kidari, ambavyo ni vyeusi, humezwa na kivuli, lakini mdomo wa rangi ya chungwa hung'aa hata pale darubini inaposhindwa kuonyesha kitu kingine. Baada ya hapo tafuta tumbo jeupe na wekundu wa kutu ubavuni. Dume na jike hufanana, kwa hiyo usijisumbue kuwatofautisha kwa macho.

Hatua ya 5: Mtenge na jamaa yake, Geokichla gurneyi, ambaye pia hupekua majani katika misitu hiyohiyo. Huyo ana koo na kidari cha rangi ya chungwa, mdomo wa rangi nyeusi, na safu mbili za madoa meupe bawani. Kwa kifupi, chungwa la mmoja liko mdomoni na la mwingine liko kifuani. Niliwahi kuandika daftarini mkesha wa Taita watatu kwa asubuhi moja, kumbe wawili walikuwa hao. Nilikuwa nimeona rangi bila kuangalia ilikokaa.

Hatua ya 6: Ukimwona amebeba wadudu mdomoni bila kuwameza, ana makinda karibu. Rudi nyuma kwa njia uliyojia, wala usimwite kwa sauti iliyorekodiwa.