DS1307 na DS3231: namna ya kutafuta hitilafu saa inapotoa nambari zisizoaminika

Chipu ya saa, kama DS1307 au DS3231, inapoanza kutoa wakati usioaminika katika mradi wa Arduino (bodi ndogo ya kielektroniki inayopangiwa programu), wengi hukimbilia kununua nyingine, ilhali mara nyingi chipu yenyewe ni nzima na hitilafu imo kwenye nyaya, betri au programu. Kabla ya kung'oa chochote, andika nambari zinazoonekana kwenye skrini kama zilivyo, kwa kuwa namna zinavyokosea ndiyo inayoonyesha pa kuanzia.

Ukiona saa 165, dakika 165, sekunde 85 na mwaka 2165, fahamu kwamba hakuna wakati wowote uliosomwa. Mawasiliano yanapokatika, programu huishia na baiti ambazo biti zake zote ni 1, yaani 0xFF. Kwa kuwa chipu hizi hutunza kila tarakimu ya desimali kwa biti nne, mfumo unaoitwa BCD, programu huzigeuza baiti hizo kwa kuzidisha 15 kwa 10 na kuongeza 15, ikapata 165. Kwenye sekunde huondoa kwanza biti ya juu, ndiyo maana hubaki 85. Hapo kagua nyaya: kwenye Arduino Uno, SDA (waya wa data) huunganishwa na A4 na SCL (waya wa mapigo) na A5, na GND (ardhi ya saketi) ya moduli lazima iungane na ya bodi. SDA na SCL zinahitaji rezista za kuvuta volti juu, kwa kawaida za kilo-omu 4.7, ambazo moduli nyingi huja nazo lakini chipu tupu haina. Kisha endesha programu fupi ya kutafuta anwani, yaani nambari ambayo kila chipu huitikia kwenye nyaya hizo. DS1307 na DS3231 zote hujibu kwa 0x68. Ikijibu 0x50 au 0x57 peke yake, kinachojibu ni chipu ya kumbukumbu iliyomo kwenye moduli, kwa hiyo nyaya ni nzima na shida iko upande wa saa.

Volti ndiyo sababu ambayo watu huisahau zaidi. DS1307 imeundwa kwa volti 4.5 hadi 5.5, na VCC, yaani umeme unaoilisha, ikishuka chini ya mara 1.25 ya volti ya betri, hukataa kabisa kusomwa ili kulinda wakati uliohifadhiwa. Betri ya CR2032 yenye volti 3 inadai VCC isiyopungua 3.75, kwa hiyo kuilisha DS1307 volti 3.3 za bodi ya ESP32 hakuwezi kufaa. Betri ya kuchajiwa ya LIR2032 iliyojaa hufika volti 4.2, na ikiunganishwa moja kwa moja na chipu, kizingiti hicho cha VCC hupanda hadi volti 5.25, na hata USB haikifikii. Pima kwa multimita kwenye miguu ya DS1307 yenyewe, yaani mguu wa 3 kwa betri na wa 8 kwa VCC. Kwa bodi za volti 3.3, chagua DS3231, ambayo hufanya kazi kuanzia volti 2.3. Tafadhali kagua pia kama moduli yako ina saketi ya kuchaji: CR2032 haichajiwi, na kuilazimishia umeme ni hatari.

Sekunde zikisimama kwenye DS1307, angalia biti ya 7 ya rejista (nafasi ya kumbukumbu ndani ya chipu) ya sekunde, kwani ikiwa 1 kristali, inayotoa mapigo ya saa, huwa imezimwa. Kuandika wakati upya huiwasha. Kwenye DS3231, biti ya 7 ya rejista 0x0F ikiwa 1, saa iliwahi kusimama na wakati wake si wa kuaminiwa mpaka uuweke upya.

Wakati ukirudi nyuma kila bodi inapowashwa, programu inaiandikia saa wakati ilipotafsiriwa (compile) kwenye kompyuta; weka amri hiyo chini ya sharti, ili isitekelezwe kila mara. Sekunde zikiruka kutoka 9 hadi 16, BCD haijageuzwa. Kosa la nadra zaidi ni saa kuonyesha 9:00 badala ya 10:00 kwa mara moja tu, nalo hutokana na kusoma rejista moja moja. Soma baiti zote saba za wakati kwa ombi moja.

Hatimaye, usitafute hitilafu mahali isipo. Kristali ya kawaida yenye kosa la sehemu 20 kwa milioni hupotea takriban sekunde 1.7 kwa siku, na hakuna programu iliyokosewa hapo. Ikiwa tofauti ni kubwa kuliko hiyo, hakikisha kristali ni ya mzigo wa pikofaradi 12.5 kama DS1307 inavyotaka, fupisha miguu yake, na safisha mabaki ya kulehemu yaliyoizunguka.